Hatua Arobaini Kutoka Jiwe la Kusagia

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mteja akianza kusifia mshono wangu kabla hajauvaa, najua anataka nimshonee kabla ya waliomtangulia. Bajaji ikisimama mlangoni bila kuitwa, namuuliza dereva nani kamtuma. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama hata ukipewa maji unayanusa kwanza. Wacheke. Nashona nguo Shinyanga mjini tangu ujana wangu, kibarazani karibu na soko, na anayekaa kibarazani miaka yote hiyo huona mengi.

Kwa hiyo shangazi yangu aliponipigia simu kutoka kijijini, upande wa Geita, akaniambia kijiji kinaandika majina ya waliokianzisha, sikuuliza lini wala wapi. Nilimuuliza, "Nani anauliza, na anataka nini?"

"Hee, mwanangu! Hata shikamoo hujanipa."

"Shikamoo, shangazi. Nani anauliza?"

Akacheka, akanieleza. Kulikuwa na kamati. Katibu wake alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yake wa siku nyingi, ambaye babu yake naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufyeka pori lile. Mwalimu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Kila ukoo uliokuja mwanzo ulitakiwa kutoa mambo matatu: aliyetangulia kufika ni nani, alikuja na nani, na amelala wapi. Majina yangeandikwa kwenye mnara wa saruji uwanjani pa shule, na makaburi yao yangewekewa mawe yaliyopakwa chokaa ili vizazi viyajue.

"Uje," shangazi akasema. "Macho yangu yameisha, na miguu nayo inaaga. Nataka kaburi la baba liwe na alama kabla sijafa, ili siku yangu ikifika mjue pa kuniweka. Ubavuni kwake. Sitaki kwingine, unasikia?"

Nikasema nimesikia. Lakini baada ya kukata simu nilikaa na mkasi mkononi bila kukata kitu. Tangu lini watu wa kwenye dhahabu wakaanza kuuliza makaburi kwa mapenzi?

Naomba nieleweke. Baba yangu, mdogo wake shangazi, aliwahi kuulizwa maswali matamu. Nilikuwa binti mdogo, tunaishi bado kule kule. Akaja mtu mwenye kofia na daftari, akasema anakusanya habari za koo. Mama akamchinjia kuku. Baba akasimulia mpaka chai ikapoa mara mbili: nani alifika na nani, mpaka wetu unapita mti gani, nani hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwaka uliofuata mpaka wetu wa juu ulikuwa umesogea, na mbele ya wazee wa baraza yule mwenye kofia alizijua habari zetu kuliko sisi wenyewe. Alizisimulia kama za kwao. Baba akakipoteza kile kipande cha juu. Akaondoka kwa hasira, akarudi Shinyanga alikotoka baba yake, na akafia huku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wangu mimi ni daftari.

Nikafunga cherehani, nikapanda basi la asubuhi la njia ya Kahama. Mwisho nikachukua bodaboda mpaka kijijini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Njia nzima nilisikia karasha zikisaga mawe ya watu. Kule hakuna kilima kinachoachwa kipumzike. Wanaapolo, wale vijana wa kushuka mashimoni, wakisikia tetesi tu wanafukua duara jipya, yaani shimo la dhahabu, na duara likishafunguliwa hakuna anayeuliza juu yake palikuwa na nini. Tena kuna maneno yanayozunguka kwamba wazee wa zamani hawakuchagua pa kulala bure. Penye kaburi la kale, wanasema, chini yake kuna mwamba wenye mali. Upuuzi, lakini upuuzi wenye majembe.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa mashavu.

"Umenenepa. Mji unakulea."

"Na wewe umekonda. Nani anakulea?"

"Huyu hapa," akasema, akamwonyesha kwa kidevu binamu yangu, mwanawe, ambaye ndiye aliyebaki naye na ndiye anayelima shamba la babu. Binamu na mimi ni watani tangu utoto. Aliuangalia mkoba wangu nilioukumbatia kifuani.

"Weka mkoba chini, mwanamke wa Shinyanga. Humu ndani mwizi ni mmoja tu, na ndiyo kwanza amefika."

Tulicheka. Nikaukumbatia mkoba vile vile.

Siku ile shangazi alinisimulia upya, ingawa nilikuwa nimeshasikia vipande. Babu alihama kutoka upande wa Songwa, huku Shinyanga, wakati malisho yalipokwisha na watu wamebanana. Akaja na ng'ombe, mke, baba yangu akiwa mgongoni, na yeye shangazi, mtoto wa miaka kama saba. Pori lilikuwa la mbung'o, na ng'ombe wengine walikufa mwezi ule ule. Wenyeji waliowakuta walikuwa Wazinza. Moto wa kwanza wa mji wetu waliuomba kwa Mzinza mmoja, na aliyetumwa kuuchukua ni yeye shangazi. Alibeba makaa kwenye kigae cha chungu, akitembea na kupuliza, akitembea na kupuliza.

"Mikono iliungua," akasema, "lakini sikuuangusha. Mama alipika ugali kwa moto ule. Na moto ule haukuzimika mpaka mimi naolewa."

Kisha akanipa lile aliloniitia. Kwetu, zamani, mwenye mji akifa alizikwa zizini. Ngozi ya ng'ombe ndiyo sanda yake. Ng'ombe wakirudi jioni wanapita juu yake kama kawaida, wanakanyaga mpaka udongo unalingana. Mtu wa kuja anaweza kuona ni dharau. Sivyo. Mfugaji amelala na mali yake, na mali inamwamkia kila asubuhi. Shida yake ni kwamba hakuna msalaba, hakuna jiwe, hakuna tuta. Na babu alipokuwa ameshakufa, ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wakasogezwa barabarani, maboma yakaoza, mji wote ukawa itongo, yaani mahame, halafu shamba. Aliyejua babu alipo alikuwa amebaki mmoja.

"Lile jiwe la kusagia unalikumbuka?"

Nilikuwa nalikumbuka. Ni mwamba bapa uliolala chini katikati ya shamba, una vishimo vya mviringo ambavyo bibi na wenzake walivichimba kwa kusaga mtama tu, siku baada ya siku. Siku babu anazikwa shangazi alikuwa hapo anasaga unga wa matanga. Wanawake hawakusogea zizini, lakini macho alikuwa nayo.

"Simama kwenye jiwe," akasema. "Geuka jua linakozama. Hesabu hatua arobaini. Si hatua zako za kukimbilia basi. Za mwanamke aliyebeba maji kichwani. Hapo ndipo palipokuwa mlango wa zizi, na baba yuko ndani yake kidogo tu."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Swali gani hilo?" akasema, na akadai uji wake. Baadaye niliikumbuka sana ile namna ya kutojibu.

Mwalimu alikuja kesho yake asubuhi. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mfuko, na mfukoni kalamu mbili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake taratibu, akaniuliza habari za Shinyanga, za cherehani, za watoto. Mh! Mtu mpole hivyo, nikasema moyoni, ana jambo.

Alifungua daftari kutusomea shangazi na mimi alipofikia. Ukurasa wa kwanza kabisa ulisema: Wenyeji tuliowakuta. Chini yake zimeandikwa koo za Wazinza.

"Kwa nini hao kwanza?" nikauliza. "Si mnaandika waliofungua kijiji?"

"Hawa ndio waliotufungulia mlango," mwalimu akasema. "Nyumba huanza na mlango."

"Nani kakwambia uandike hivyo?"

Shangazi akadakia, "Mimi. Moto ulitoka wapi, mwanangu? Mbinguni?"

Kichwani niliendelea kupanga. Kesho wakitokea wajukuu wa Wazinza na karatasi hiyo wakasema ardhi ni yao, nani atabisha? Na yeye mwalimu babu yake kamwandika wapi? Kila nilipojaribu kuchungulia ukurasa wa pili, aliufunika kwa kiganja. Labda ulikuwa ni mkao wake tu wa kushika daftari. Mimi niliona anaficha.

Shangazi hakuweza kwenda shambani, mguu ulikuwa umevimba. Akanishika mkono. "Nenda wewe ukawaonyeshe. Wewe ndiye macho yangu." Nikatoka na mwalimu na binamu. Njiani akaungana nasi mtu nisiyemjua, mrefu, amevaa buti za mpira za mashimoni, zile zile wanazovaa wanaapolo, na matope ya rangi ya mwamba yamekauka hadi magotini.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi wetu," mwalimu akasema.

Fundi! Nikaangalia zile buti. Fundi wa nini?

Ilikuwa kiangazi, shamba limevunwa, limebaki vumbi na mabua. Tukafika kwenye jiwe la kusagia. Mwalimu akavua kofia. Hata hilo nililishuku. Na wakati mwalimu anasema maneno ya kuwaheshimu waliosagia pale, yule wa buti akainama, akaokota kipande cha jiwe, akakigonga kwenye kingine kikapasuka, akakiramba pale kilipopasuka, akakigeuzageuza juani.

Mtu yeyote wa huku anajua maana ya kuramba jiwe. Jiwe likilowa rangi zake zinatoka, na kama lina mng'ao utauona. Ndivyo wanavyoanza. Leo analiramba, wiki ijayo kuna kamba na ndoo, mwezi ujao babu yangu yuko kwenye karasha. Nikamwona baba yangu na yule mwenye kofia, na yule kuku aliyechinjwa bure. Thubutu! Si kwa mdomo wangu.

"Ni wapi, mama?" mwalimu akauliza.

Nikasimama kwenye jiwe. Jua la asubuhi lilikuwa usoni kwangu. Nikaanza kutembea kulielekea lile lile, mashariki, nahesabu kwa sauti ili wasikie. Moja, mbili, tatu. Nilitembea kwa heshima zote, kama mwanamke aliyebeba maji kichwani. Ya arobaini nikakanyaga chini kwa nguvu.

"Hapa."

Binamu aliniangalia. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno la kunitania alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia miguu yake. Nikadhani ameelewa mpango wangu na ananiunga mkono, nikamkonyeza.

"Una uhakika, mama?" mwalimu akauliza polepole.

"Mwenye baba ni shangazi, na shangazi kanituma mimi. Wewe una shaka?"

"Hapana," akasema. "Kaburi ni lenu." Akafunga daftari. Hakuandika kitu, na mimi kutoandika kwake nikakuhesabu kama ushindi: mwizi ameshindwa kwa sababu mwenye nyumba yuko macho.

Wiki chache baadaye walifanya sherehe, nikarudi tena. Mnara ulikuwa umesimama uwanjani, mdogo tu, umenyooka vizuri. Wakamwita mbele aliyeujenga, na aliyetoka ni yule wa buti. Alikuwa kweli fundi mwashi. Buti alikuwa amezirithi kwa mdogo wake aliyeacha kazi ya mashimoni, na mawe ya msingi alikuwa anayachagua mwenyewe, moja moja, kwa kuyapasua na kuyalowesha aone kama yana ufa. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, watu wakampigia makofi. Nami nikapiga makofi, huku moyoni nasema: fundi anaweza kuwa na kazi mbili.

Halafu mwalimu akasoma majina. Baada ya Wazinza, wa kwanza kusomwa alikuwa babu yangu. Babu yake mwenyewe alimweka wa tatu. Shangazi, ambaye tulimleta kwenye kiti, alilia bila kujifuta. Nilimfuta mimi kwa kanga yangu, na hapo ndipo kitu kilipoanza kunikwaruza kifuani.

"Nipelekeni kwa baba," akasema.

Tukampeleka, binamu upande huu na mimi upande huu. Mawe meupe yalikuwa yamepangwa vizuri mno pale pangu pa uongo, na katekista alishapaombea. Shangazi akapiga magoti. Akayapapasa mawe moja baada ya jingine, akachota udongo kidogo, akausugua katikati ya vidole, akaunusa. Kisha akasema, "Nigeuze nielekee jiwe la kusagia."

Nikamgeuza bila kufikiri. Ilikuwa asubuhi bado.

"Ala!" akasema. "Jua la siku hizi linachoma mgongo. Zamani mtu akisimama kwa baba asubuhi akaangalia jiwe, jua lilimpiga usoni."

Waliokuwa karibu wakacheka, wakadhani ni maneno ya uzee. Alikuwa ameinua uso, macho yake meupe yananitazama bila kuniona, na alikuwa anasubiri. Sasa najua alikuwa anasubiri. Alinifungulia mlango mpana kabisa, nilichotakiwa ni kusema: shangazi, niliogopa. Nikasema, "Ni hali ya hewa imebadilika, shangazi."

"Eti?" akasema. "Haya, mwanangu. Imebadilika." Akanipa mkono nimnyanyue.

Nilirudi Shinyanga. Nilishona, nikagombana na wateja, nikajiambia nitamwambia kwenye simu. Lakini kila akipiga, namuuliza mguu unaendeleaje, na yeye ananiuliza watoto, tunakata. Jambo kama lile halisemeki kwenye simu, nilijiambia. Nitakwenda mwenyewe. Mvua zikaanza. Nikasema zikipungua.

Binamu alinipigia alfajiri moja, na alipoanza kwa kuniita dada badala ya matusi yetu ya utani, nilijua.

Nilifika msibani kaburi limeshaanza kuchimbwa. Walikuwa wanachimba kando ya mawe meupe, kama alivyoagiza: ubavuni kwa baba yake. Nilisimama pembeni ya shimo, matope yameshika viatu, nikasikia majembe. Na kwa mara ya kwanza nikayaona mahindi.

Mvua ilikuwa imeliamsha shamba lote. Pale tulipokuwa tumesimama, mahindi yalikuwa mafupi, ya njano. Lakini ng'ambo ya jiwe la kusagia, upande wa magharibi, palikuwa na duara la mahindi meusi kwa ubichi, marefu kunipita mimi, yamesimama peke yake katikati ya shamba. Zizi. Samadi ya ng'ombe wa babu, miaka yote hii, bado inalisha. Binamu alikuwa analima hapo kila mwaka. Kila mtu aliyepita njia ile aliyaona. Hata kiangazi, udongo wake tu ungewaambia, na ni wakulima wote wale. Mimi peke yangu, mtoto wa mjini na ujanja wangu, ndiye niliyedhani zizi linaweza kufichwa kwa Wasukuma.

Ningeweza kusema. Jeneza lilikuwa bado nyumbani. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Na mbele yangu, ng'ambo ya shimo, nikamwona yule fundi, amevaa buti zake. Hata saa ile, shangazi yangu anasubiri kuzikwa, kuna sauti ndani yangu ikaniambia: usiseme mbele ya huyu. Aibu ilikuwepo, siikatai. Lakini kilichonifunga mdomo ni ile sauti. Nikamwangalia fundi mpaka alipoinama kuchukua mwiko wake, maana alikuja kumjengea shangazi kaburi.

Tukamzika. Niliimba na wenzangu, nikatupa udongo wangu.

Watu walipoanza kuondoka, mwalimu alinijia na daftari mkononi. "Mama," akasema, "huu ni ukurasa wa kwenu. Ni haki yako kuusoma."

Nilisoma nimesimama. Mwandiko wake ulikuwa ule wa ubaoni, kila herufi imekaa. Jina la babu. Alikotoka. Mke wake, na mtoto wa kiume mgongoni. Halafu: binti wa miaka saba, aliyeleta moto. Na jina la shangazi limeandikwa kwa ukubwa ule ule wa jina la babu. Mstari wa mwisho ulisema: kaburi, kutoka jiwe la kusagia, hatua arobaini kuelekea machweo.

"Uliandika lini hii?"

"Alinitajia yeye mwenyewe, kabla hujaja. Kwenda na wewe ilikuwa heshima tu. Mahali pa mtu huonyeshwa na damu yake."

"Ulijua, na ukaniacha niwapeleke mashariki?"

"Nilidhani mna sababu zenu. Sikuwa na haki ya kuuliza. Siku ile ile nilirudi kwake, nikamwambia. Binamu yako alikuwepo. Tukataka tuyahamishe mawe kimya kimya. Akakataa."

"Alikataa kwa nini? Alitaka kulala kwa baba yake. Ndilo jambo pekee alilotaka!"

Nilikuwa napiga kelele. Watu waligeuka. Mwalimu akasubiri mpaka wakageukia mambo yao.

"Alisema, kesho mkiyahamisha, kijiji kizima kitajua mtoto wa mdogo wangu alidanganya juu ya kaburi la babu yake. Baba yake aliondoka hapa kwa aibu. Sitaki na yeye aondoke hivyo. Nikamwambia, sasa wewe utalala wapi? Akasema, nizikeni pale alipoonyesha. Kaburi tupu likipata mtu si tupu tena."

Nilirudi kwenye jiwe la kusagia, maji ya mvua yamejaa kwenye vile vishimo. Nikageuka jua linakozama, nikatembea polepole, nikahesabu. Ya arobaini ilinifikisha ukingoni mwa mahindi, majani yakanikata mikono. Nikageuka nyuma. Kutoka pale nililiona kaburi jipya vizuri kabisa. Arobaini na arobaini. Mtu akiita kwa sauti anasikika.

Mwalimu alikuwa amenifuata mpaka kwenye jiwe. Nikamwambia alete kalamu, aandike kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha siko, kwa mdomo wangu, kwa sababu niliwashuku watu wema. Aandike na jina langu.

Akafunga daftari, akalirudisha kwapani.

"Hilo shangazi yako alilikataza," akasema.

Basi naliandika mimi.